Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji na Bodi: sera mmeisaini, ofisi imebaki ileile

Dodoma, mwishoni mwa Machi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe,

YAH: MWENENDO DHIDI YA WAFANYAKAZI WANAWAKE, OFISI YA KANDA YA KATI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia kwa heshima, na ninaandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimeisha. Barua zangu kwa Meneja wa Kanda zilipokelewa na kugongwa mhuri. Idara ya Rasilimali Watu ilinijibu kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Anwani ya barua pepe mliyoitenga kwa malalamiko ya kijinsia haijanijibu hata kwa sentensi moja. Nilipokuja makao makuu kwa mafunzo nikaomba kuonana na uongozi, niliambiwa nirudi, mambo ya kanda yanamalizwa kanda. Anayemaliza mambo ya kanda ndiye ninayemlalamikia.

Sitaitaja kampuni yetu ya bima kwa jina, wala mtu yeyote. Ninyi mtajijua na wenzangu watawajua. Sitafuti kumwaibisha mtu, nataka mwenendo ukome. Tena kwa kuzungumza na wanawake walioajiriwa benki, kwenye kampuni za simu, za ujenzi na hoteli za hapa mjini, nimejua kwamba wapo wakurugenzi wengine watakaosoma barua hii wakadhani wameandikiwa wao. Nao waisome hadi mwisho.

Nianze kwa kuwapa haki yenu. Mmesaini Sera ya Usawa wa Kijinsia. Mmebandika mabango kwenye korido. Mmemteua mwanamke kuingia kwenye menejimenti. Kila Machi 8 mnatushonea kitenge cha sare, tunakata keki, picha zinapigwa na kurushwa kwenye kurasa za kampuni. Mwaka huu mlileta kikundi cha akina mama wa Kigogo wakatupigia muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, na wengi wetu tulisimama tukacheza nao kwa furaha ya kweli. Alasiri ileile, bado tumevaa kitenge, tuliitwa kwenye kikao cha kufunga wiki. Meneja alitutazama akasema wanawake leo mmependeza, basi mmoja aandike muhtasari na wengine wawili watuletee maji. Hakuna aliyeshtuka. Ndivyo kikao kinavyoanza siku zote.

Hoja yangu ni moja na yote yafuatayo yanaieleza. Mmebadilisha vinavyoonekana, hamjagusa vinavyoamua. Anayepanga safari ni yuleyule. Anayejaza fomu za tathmini ni yuleyule. Anayegawa wateja ni yuleyule, na malalamiko dhidi yake yanapita mezani kwake. Bango la usawa liko mlangoni pa ofisi yake, na ndani ya ofisi hiyo maisha yetu ya kazi yanaamuliwa kama yalivyoamuliwa kabla bango halijachapwa.

1. Chakula cha usiku na wageni wa msimu wa Bunge

Naliweka hili mbele kwa sababu Aprili inaingia, na Bunge la Bajeti litakaa hapa hadi mwishoni mwa Juni. Kila mwenye biashara Dodoma anaujua msimu huu. Hoteli zinajaa, nyumba za wageni za Area D na Kisasa zinapandisha bei, watu wa wizara, wa halmashauri na wa mashirika wote wako mjini. Kwa kampuni ya bima ndio wakati wa kutafuta mikataba mikubwa. Kazi hiyo ni halali, naiweza na ninaipenda.

Tatizo ni namna inavyogawanywa. Mchana, wanaopelekwa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kuwaeleza wateja kuhusu bima ya magari ya taasisi au bima ya majengo ni wanaume. Usiku, kwenye chakula, tunaitwa wanawake. Meneja mwenyewe aliunda kundi la WhatsApp la wafanyakazi wa kike, na ujumbe huingia humo saa kumi na moja jioni: fulani na fulani wawe hotelini saa mbili, wavae vizuri, wageni ni wakubwa. Hakuna anayeambiwa abebe rasimu ya mkataba wala jedwali la viwango.

Mwenzetu mmoja, ofisa wa madai, ana shahada na ana uzoefu kuliko kijana aliyewasilisha mada mchana ule. Usiku aliwekwa kiti cha pembeni ya mgeni. Mgeni alipomshika mkono na kuanza kumuuliza anakaa mtaa gani na nani anamsubiri nyumbani, yule dada alimtazama bosi wake kuomba msaada. Bosi aligeuza uso, akamwita mhudumu aongeze vinywaji. Alifika kwake Nkuhungu karibu saa sita usiku, kwa bodaboda aliyoilipia mwenyewe, bila malipo yoyote ya kazi ya baada ya saa. Asubuhi aliambiwa mteja amelalamika kwamba hakuchangamka.

Mtasema huko ni kukirimu wageni, na ukarimu ni mila yetu. Ninaujua ukarimu, nimelelewa nao. Mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni humpa kiti, maji na chakula, na mgeni akimvunjia heshima binti wa nyumba hiyo, mwenye nyumba humwonyesha mlango. Sisi bosi wetu aliagiza vinywaji.

Yapo mazito kuliko hayo. Wapo wasichana wa mikataba ya miezi sita waliotumiwa ujumbe saa nne usiku kwamba kuongezewa mkataba kutategemea "ushirikiano" wao, waje tu wamalizie ripoti hotelini. Unyanyasaji wa kijinsia ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu. Mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote anatenda kosa la rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Makao makuu ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, yako hapahapa Dodoma, na simu ya 113 haina malipo. Wasichana hawapigi kwa sababu kodi ya chumba inalipwa na mkataba uleule.

2. Safari za wilayani

Kanda yetu ni pana. Kuna Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa, kisha unaingia Singida: Manyoni, Ikungi, Iramba, Mkalama. Anayesafiri ndiye anayewafahamu wateja. Ndiye anayekagua mashamba ya alizeti, anayekwenda kupima hasara gari likipinduka, anayekaa na viongozi wa vyama vya ushirika hadi wakaelewa kwa nini walipie bima kabla ya balaa. Pia ndiye anayerudi na posho.

Orodha ya safari hupangwa na mtu mmoja na kubandikwa kwenye ubao. Sisi huondolewa kwa lugha ya huruma. Wewe una mtoto mdogo. Wewe umeolewa, mumeo atatuelewaje? Wewe hujaolewa, watu watasema. Barabara ya huko mbaya. Hakuna anayetuuliza. Mwenzetu mmoja aliwahi kupata safari ya Manyoni, na aliporudi maneno yalizagaa wiki nzima kwamba alilala nyumba moja na dereva. Nyumba ya wageni iliyolipiwa na ofisi ilikuwa hiyo moja, na kila mtu alikuwa na chumba chake. Angelala wapi? Dereva hakuulizwa kitu. Tangu hapo yule dada haombi tena safari, na Meneja hutuambia kwamba wanawake wenyewe hawataki kwenda.

Kisha inafika Desemba, fomu za tathmini zinatoka, na kwenye kipengele cha kazi za nje anaandika: hana uzoefu wa kutosha. Kwa sentensi hiyo mtu anabaki daraja moja miaka na miaka huku akiwafundisha kazi vijana wanaokuja kumpita.

Naomba mlitazame pia kwa upande wa fedha. Ibara ya 23 ya Katiba inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi. Mshahara wangu kwenye karatasi ni sawa na wa mwanamume wa daraja langu. Lakini yeye amesafiri mwaka mzima na mimi nimekaa kaunta, kwa hiyo kilichoingia nyumbani kwake si kilichoingia kwangu, na pengo hilo halionekani popote kwenye taarifa zenu za usawa wa mishahara.

3. Uzazi, na Chumba cha Mama

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Likizo ikiisha ana haki ya kurudi kazini kwa masharti yaleyale, na akiwa ananyonyesha mwajiri anatakiwa kumruhusu kumnyonyesha mtoto katika muda wa kazi hadi saa mbili kwa siku. Siku 84 ni wiki 12. Kliniki inatuambia mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Kwa hiyo mama anarudi ofisini mtoto akiwa na nusu ya safari hiyo, na zile saa mbili ndizo zinazoamua kama maziwa yataendelea au yatakauka.

Mlilitambua hilo, mkajenga Chumba cha Mama. Mmoja wenu alikuja kukata utepe, na picha yake ipo kwenye taarifa ya mwaka. Naomba niwaeleze chumba hicho kilivyo leo. Kochi bado limevikwa nailoni ya dukani. Juu yake kuna katoni za kalenda za mwaka jana, na sakafuni miavuli ya kugawia wateja. Jokofu dogo la kuhifadhia maziwa limegeuziwa mlango ukutani, na soketi ya karibu yake haina umeme. Dirisha halina pazia, na nje yake ndipo madereva wanapokaa kusubiri safari. Ufunguo anao ofisa ugavi, akisafiri anaondoka nao.

Wenzangu wanakamulia maziwa chooni. Wanakamua wakiwa wamesimama, chupa imewekwa juu ya tangi la maji la choo, mtu anagonga mlango anataka kuingia. Halafu ile chupa inafungwa kwenye mfuko na kukaa chini ya meza hadi jioni, katika joto la Dodoma la Oktoba na Novemba. Mmoja aliacha kukamua mtoto akiwa na miezi minne. Aliniambia hili akilia, na nikamwahidi kwamba nitaliandika.

Halafu kuna suala la wateja. Aliyerudi kutoka likizo alikuta wateja aliowatafuta kwa miaka wamegawiwa wengine, na kamisheni zao zinaingia kwa wengine. Lengo lake la mauzo la mwaka halikupunguzwa hata shilingi moja, kana kwamba zile siku 84 alikuwa kaunta. Alipouliza, jibu lilikuwa kwamba wenzake walikuwa kazini yeye akiwa nyumbani amepumzika. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji aliambiwa amepumzika. Na wanaokuja kwenye usaili bado wanaulizwa wanatarajia kuzaa lini, wakati sheria inataja ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo.

Kwa kuwa nimegusa uzazi, niseme na la wanaume. Sheria inampa baba siku zisizopungua 3. Kijana wetu mmoja alipoziomba alichekwa kikaoni, akaulizwa kama na yeye atanyonyesha. Akazifuta. Mke wake alitoka hospitali na shemeji.

4. Vikao na majina

Hili ni fupi kwa sababu mnalijua. Wanaume huitwa kwa vyeo na kwa majina yao. Sisi ni mrembo, mtoto mzuri, mama chai. Wazo likitolewa na mwanamke linapita kimya, likirudiwa na mwanamume dakika kumi baadaye linaandikwa kwenye muhtasari kwa jina lake, na aliyeandika muhtasari ni mwanamke.

5. Malalamiko yanayorudi kwa mlalamikiwa

Mlianzisha Dawati la Jinsia. Mwenyekiti wake katika kanda ni Meneja wa Kanda. Barua pepe ya malalamiko ya kanda husomwa na katibu muhtasi wake. Dada mmoja aliyethubutu kuandika aliitwa kesho yake na kuombwa ayamalize kifamilia. Alipokataa, alipata barua ya uhamisho kwenda Singida, "kwa mahitaji ya kazi", wakati ana mtoto wa darasa la kwanza hapa Dodoma. Aliyelalamikiwa alipewa onyo la mdomo. Novemba iliyofuata, kwenye siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, ndiye aliyesimama mbele yetu kusoma hotuba ya ufunguzi, na sisi tuliojua tulikaa kwenye viti tukimsikiliza. Huku ni kufunika kombe, na gharama yake analipa aliyeumizwa.

Ucheleweshaji nao una hasara ambayo wafanyakazi wengi hawaijui. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Wa kuachishwa kazi, siku 30. Kila wiki ambayo mtu anaambiwa suala lake linafanyiwa kazi ni wiki inayokatwa kwenye siku hizo. Anapochoka kusubiri, anaambiwa na Tume aombe kwanza kibali cha kuchelewa. Siwezi kusema kwamba mnafanya hivyo kwa makusudi. Matokeo yake ni yaleyale kwa aliyeachwa akisubiri.

6. Mwanamke mmoja kwenye menejimenti

Simlaumu hata kidogo, na sitaki barua hii itumike kumuumiza. Mmempa cheo kinachohusu usawa na ujumuishi bila fungu la fedha na bila watumishi, na fomu za kupandisha vyeo hazipiti kwake. Picha zake ziko kwenye kila chapisho. Anayetaka kujua mwanamke huyo ana uwezo gani, amuulize ni uamuzi upi wa kanda yoyote aliowahi kuutengua.

Sasa nayajibu majibu ninayoyategemea, maana nimeshayasikia.

Mtasema ni utani tu. Watu wa Dodoma utani tunaujua na tunauenzi. Mgogo na mtani wake hurushiana maneno hata msibani na hakuna anayenuna, kwa sababu kila mmoja ana ruhusa ya kumjibu mwenzake kwa maneno makali kama yale aliyorushiwa. Msichana wa mkataba wa miezi sita hana ruhusa hiyo kwa Meneja wa Kanda. Akijibu, ataitwa mkaidi, na hilo litaandikwa kwenye fomu yake.

Mtasema nchi inaongozwa na mwanamke. Ni kweli, Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 19, 2021. Bunge linalokaa mji huu limeongozwa na Spika Anne Makinda kuanzia 2010 hadi 2015, na Dk. Tulia Ackson alikalia kiti hicho mwaka 2022. Ninajivunia, na binti zangu wanajivunia. Lakini orodha ya safari kwenye ubao wa ofisi yetu haipangwi Ikulu wala bungeni. Inapangwa na mtu mliyemteua ninyi.

Mtasema zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kanda ni wanawake. Naomba mwangalie wako wapi: kaunta, mapokezi, na mauzo ya mikataba ya muda mfupi. Kisha mwangalie wenye mamlaka ya kusaini malipo ya madai.

Mtasema leta ushahidi. Upo. Ujumbe wa simu upo, orodha za safari zipo kwenye mafaili yenu, fomu za tathmini mnazo, barua za uhamisho mmeziandika wenyewe. Tena kifungu cha 7 cha sheria ileile ya mwaka 2004 kinahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni ubaguzi, na mfanyakazi akionyesha kwa msingi kwamba amebaguliwa, jukumu la kuthibitisha kwamba hakubaguliwa linahamia kwa mwajiri. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi. Niliomba kuuona mpango wetu. Nilionyeshwa bango.

Na mtasema ninaharibu jina la kampuni. Nimeifanyia kazi kampuni hii kwa moyo. Wapo wakulima wa Kongwa waliolipwa fidia kwa sababu nilikaa na mafaili yao hadi usiku. Jina hilo na mimi nimelijenga, ndiyo maana sijalitaja hapa.

Ninachoomba ni hiki.

Kabla Bunge la Bajeti halijaanza, mtoe waraka wenye saini ya Mkurugenzi Mtendaji kwamba hakuna mfanyakazi atakayetakiwa kuhudhuria shughuli ya usiku na wateja isipokuwa awe na kazi iliyoandikwa ya kufanya pale, alipwe muda wake wa ziada, na usafiri wa kumrudisha nyumbani uwe wa kampuni. Mfanyakazi akikataa, kukataa kwake kusiandikwe popote. Kundi lile la WhatsApp lifungwe.

Malalamiko ya unyanyasaji yatoke mikononi mwa mameneja wa kanda moja kwa moja. Yapokelewe na kamati inayowajibika kwa Bodi, yenye angalau mjumbe mmoja asiye mwajiriwa wa kampuni. Mlalamikaji ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14, na asihamishwe wakati shauri linaendelea ila kwa ombi lake mwenyewe. Yule dada aliyepelekwa Singida arudishwe Dodoma kama bado anataka. Hili siliombei muda wa kutafakari.

Orodha za safari na posho za miaka mitatu iliyopita, kwa kila kanda, zitolewe kwa wafanyakazi zikionyesha wanaume walisafiri mara ngapi na wanawake mara ngapi. Kuanzia robo ijayo safari zipangwe kwa zamu ya wazi. Asiyeweza kusafiri aseme mwenyewe.

Lengo la mauzo la mfanyakazi lipunguzwe kwa kadiri ya siku alizokuwa likizo ya uzazi, na wateja wake warudi kwake anaporudi. Kwa waliokwishapoteza kamisheni kwa njia hiyo, hesabu ifanywe na walipwe.

Chumba cha Mama kitolewe katoni wiki hii, si wiki ijayo. Kiwekwe pazia, umeme, maji na kitasa kinachofungwa kwa ndani, na ufunguo ukae kwa mama wanaokitumia.

Mkurugenzi wenu wa usawa na ujumuishi apewe fungu, watumishi, na mamlaka ya kuzuia upandishwaji vyeo wowote ambao haukufuata utaratibu. Mpango wa fursa sawa unaotakiwa na sheria usajiliwe na nakala yake ibandikwe kwenye kila ofisi.

Nasubiri majibu ya maandishi hadi Aprili 30. Msipojibu, nitalipeleka suala hili kwa Kamishna wa Kazi na kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na yanayohusu rushwa ya ngono nitawasindikiza TAKUKURU wale walio tayari kusema. Wameanza kuwa tayari.

Nitaendelea kuja kazini kama kawaida na kuwahudumia wateja wetu. Sitaacha kazi, wala sitaomba uhamisho. Jina langu mnalo, limo kwenye barua mlizozigonga mhuri.

Wenu katika kazi,

Ofisa Bima Mwandamizi,
Ofisi ya Kanda ya Kati, Dodoma.

Nakala: Wafanyakazi wote wa Kanda ya Kati